Meseji 211 kwa mwezi, seti 19 tu zimeuzika: wateja wa Instagram wanapotelea wapi?

DadaMashuka

Wakuu, habari za humu. Nauza mashuka mtandaoni, Dar. Sina fremu, mzigo nachukua Kariakoo na kuhifadhi nyumbani. Instagram nina wafuasi 4,300, TikTok ndiyo naanza, WhatsApp natumia ile ya kawaida. Mwezi uliopita nilisponsa (nililipia posti zionyeshwe kwa watu wengi) kwa 150,000, yaani 5,000 kwa siku nikiigawa kwenye posti tatu. Zimeingia meseji 211. Zimeuzika seti 19.

Hesabu ya seti moja ya 6x6, yaani kitanda cha futi 6 kwa 6 (shuka 2, foronya 4): nanunua 26,500, mfuko na kadi ya shukrani 1,000, nauza 38,000. Usafiri analipa mteja. Bando ni 30,000 kwa mwezi.

Bei siandiki kwenye posti, naweka "bei njoo DM", maana wauzaji wenzangu wananichungulia. Swali: niongeze hela ya kusponsa, au nitafute wafuasi kwanza? Kuna mtu anauza wafuasi 10,000.

Kikokotoo

Dada, tuanze na hesabu yako mwenyewe. Faida ya seti ni 10,500. Mara 19 ni 199,500. Toa tangazo 150,000, toa bando 30,000, umebakiwa na 19,500 kwa mwezi mzima wa kujibu meseji. Sasa angalia upande wa pili: kila meseji imekugharimu kama shilingi 711. Kwa bidhaa ya 38,000 hiyo si bei mbaya. Kwa hiyo tangazo limefanya kazi yake, limekuletea watu mlangoni. Ukiongeza hela utawaongeza walewale wanaofika na kugeuza.

Wafuasi wa kununua achana nao kabisa. Hizo ni akaunti tupu, hazinunui wala hazilaiki. Instagram ikishaona posti yako imeonyeshwa kwa wafuasi na hakuna anayeigusa, inaacha kuisambaza. Unalipa ili usionekane.

Kabla hujabadilisha chochote, fungua zile meseji 211 zote, chukua daftari, uzipange kwa mahali zilipokatikia. Nani aliuliza bei akanyamaza? Nani alitaka rangi ambayo haipo? Nani alikwama kwenye usafiri? Nani alipewa namba ya malipo akapotea? Ni kazi ya saa mbili. Bila hiyo tutakushauri kwa kubahatisha.

DadaMashuka

Nimekaa nazo jana usiku. Walioishia kwenye "bei?" na jibu langu: 118. Waliotaka rangi au saizi iliyokwisha: 31. Waliouliza kuhusu kupelekewa au kutumiwa mkoani wakaishia hapo: 27. Waliopewa namba ya kulipia wasilipe: 16. Walionunua: 19. Jumla 211. Sikutegemea hiyo 118.

Fundi_Posti

Hiyo 118 ndiyo "bei njoo DM" yako. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu saa tatu usiku ana hamu ya dakika mbili. Akiuliza bei ukamjibu kesho saa nne asubuhi, ameshasahau hata ni shuka lipi. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: meseji ya mtu usiyemfuata mara nyingi haiingii kwenye sanduku la kawaida, inakaa kwenye folda ya maombi, na simu inaweza isilie kabisa. Mteja anaona umempuuza, nawe hujui kama alikuja.

Hao wanaokuchungulia hawazuiwi na DM. Mshindani akitaka bei yako atafungua akaunti nyingine na kuuliza kama mteja. Anayezuiwa ni yule mama anayeona aibu kuuliza halafu aonekane hana hela. Huyo haulizi kabisa, anapita.

Andika bei kwenye mstari wa kwanza wa maelezo. Instagram inaonyesha herufi 125 hivi kabla mtu hajabonyeza kuendelea kusoma, na wengi hawabonyezi. Kwa hiyo zile salamu za "Hello wapendwa wangu, karibuni sana leo tena tumewaletea..." zimekula nafasi yote ya bei. Na mtu akikoment "bei?" mjibu palepale kwenye komenti. Ukimwandikia "njoo DM", wanaosoma nyuma yake nao wanabaki hawajui.

Kitu kingine: bei ikiwa wazi, idadi ya meseji itashuka. Usishtuke. Wanaopungua ni wale ambao 38,000 ilikuwa juu yao tangu mwanzo.

Kaskazini77

Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Bei wazi si ya kila biashara. Fundi wa sofa au mshonaji wa nguo za harusi akiandika bei moja atajifunga, kwa sababu kitambaa, vipimo na nakshi vinabadilisha kila kitu. Hapo unaandika "kuanzia 850,000", na kwenye picha ya pili unaonyesha sofa ya hiyo bei hasa, siyo ile ya milioni mbili. Ukionyesha ya milioni mbili chini ya maneno "kuanzia 850,000" watu watakuita tapeli, na hawatakuwa wamekosea.

Kwa mashuka lakini, sawa. Bidhaa ina saizi, ina idadi, ina bei. Andika.

Fundi_Posti

Kaskazini nakubali. Niongeze kuhusu wale 31 wa rangi iliyokwisha. Posti ya zamani haifi, mtu anaikuta baada ya miezi minne. Rangi ikiisha usifute posti, maana unafuta na komenti za watu waliosifia. Hariri maelezo, mstari wa kwanza uandike IMEISHA, kisha taja zilizopo. Zile posti tatu unazoruhusiwa kubandika juu ya ukurasa zitumie hivi: moja ni orodha ya saizi na bei zote, moja ni jinsi ya kuagiza na kulipa, moja ni video ya ubora.

Video ya ubora kwa mashuka ni rahisi na haihitaji studio. Tandika shuka karibu na dirisha asubuhi, taa ya balbu ukiizima, kwa sababu mwanga wa njano unageuza kijivu kuwa kahawia na mteja atakurudishia akisema siyo aliloliona. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, sugua shuka jeusi au jekundu mara kumi mbele ya kamera, kisha geuza kitambaa kionekane. Kikibaki cheupe, swali la "inachuja?" umelijibu kwa sekunde 15. Kikitoka na rangi, usiuze hilo shuka kwa jina la lisilochuja, mrudie aliyekuuzia.

Muziki: akaunti ya biashara TikTok na Instagram hairuhusiwi nyimbo zote. Ukibandika Bongo Fleva inayotamba unaweza kukuta video imenyamazishwa. Ongea mwenyewe, taja saizi na bei kwa mdomo.

Msponsaji

Naingia kwenye tangazo lenyewe. Makosa mawili nayaona.

La kwanza ni kugawa 5,000 kwenye posti tatu. Mfumo wa Meta, wenye Instagram, Facebook na WhatsApp, unahitaji matokeo kama 50 ndani ya siku saba ili ujue nani wa kumwonyesha tangazo. Kwa 711 kwa meseji, 5,000 inakupa meseji saba kwa siku, yaani 49 kwa wiki. Umefika ukingoni kabisa. Ukizigawa mara tatu, kila tangazo linapata 16 kwa wiki na yote matatu yanabaki yakipapasa gizani. Weka tangazo moja, hela yote. Ukitaka kujaribu picha tofauti, jaribu wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Na usiliguse katikati. Kila ukibadilisha walengwa au kupandisha bajeti ghafla, linaanza kujifunza upya.

La pili sijaliona ila nalihisi: ulipobonyeza kusponsa ulichagua lengo gani? Kile kitufe cha haraka kinapendekeza watu kutembelea ukurasa, na mfumo utakuletea hao hao, watu wa kutembelea. Chagua meseji, na kituo kiwe WhatsApp. Itabidi uunganishe namba yako na ukurasa wa Facebook, wanatuma tarakimu za kuthibitisha. Faida yake ni kwamba mteja anapoingia WhatsApp kutoka kwenye tangazo, unaliona tangazo lenyewe juu ya mazungumzo, kwa hiyo huulizi "shuka lipi dada?".

Walengwa: kama unapeleka kwa bodaboda Dar, weka Dar, siyo Tanzania nzima. Mikoani wape tangazo lao lenye maelezo ya basi. Umri wa miaka 18 hadi 65 ni mpana mno kwa anayenunua mashuka ya nyumbani, ila usibane mpaka ubaki na kijiji.

Malipo: ukiwa na iPhone, usisponse ndani ya programu. Apple inaongeza ada yake ya 30% juu. Fungua Instagram au Facebook kwenye kivinjari, lipa kutoka huko. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi, ila weka ziada kidogo kwa sababu ya kodi. Kadi ikikosa salio, tangazo linasimama katikati ya wiki.

MamaWaTanga

Hapo kwenye WhatsApp ndipo nitakapokaa, maana naona dada bado yuko kwenye ile ya kawaida. Hamia WhatsApp Business, ni bure, na namba ileile inahama na mazungumzo yake ukichukua nakala kwanza.

Cha kwanza ni katalogi, yaani orodha ya bidhaa zako zenye picha na bei. Inapokea bidhaa 500, wewe huhitaji zaidi ya 20. Kila rangi iwe bidhaa yake yenye bei na saizi. Mteja akisema "nitumie picha", humtumii picha 14 za kumalizia bando lake, unamtumia kiungo cha katalogi.

Cha pili ni majibu ya haraka. Unaandika alama ya mkwaju na neno fupi, jibu zima linatoka. Tengeneza manne tu: /bei, /mkoa, /lipa, /saizi. Hilo la /mkoa ndilo litakalowaokoa wale 27. Wengi walikatika kwa sababu jibu lilikuwa "tunatuma popote usijali". Mtu anajali. Mwandikie hivi: mzigo unaondoka siku gani, kwa basi, nauli ya kifurushi kwa mkoa wake ni kiasi gani, anaupokelea ofisi gani, na kwamba atatumiwa picha ya risiti ya basi yenye jina lake na namba ya simu. Nenda stendi siku moja na daftari, uliza nauli za mikoa yako kumi mikubwa, basi umemaliza.

Cha tatu ni lebo, alama za kupanga mazungumzo ya wateja. Unaruhusiwa 20, tano zinatosha: ameuliza, anasubiri rangi, amelipa, ametumiwa, wa mkoani. Ile "anasubiri rangi" ni dhahabu. Mzigo mpya ukifika, hao 31 ndio wa kwanza kuandikiwa, tena hawatakugharimu tangazo jingine.

Salamu ya moja kwa moja nayo iwashe, inatoka mtu anapoandika mara ya kwanza au baada ya siku 14 za ukimya. Isiwe "Karibu, tukusaidie nini?". Iwe na bei ya 6x6, kiungo cha katalogi na saa unazojibu.

Kiungo cha kuweka kwenye wasifu wa Instagram ni wa.me/ ikifuatiwa na 255 na tarakimu tisa za namba yako. Ile sifuri ya mwanzo unaiondoa, na alama ya kujumlisha huiweki. Watu wengi wanaandika 2550 halafu wanashangaa hakuna anayepiga hodi. Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

DadaMashuka

Asante mama. Je, nikiwaweka wateja wote kwenye grupu niwe narusha mzigo mpya humo?

MamaWaTanga

Usithubutu bila ridhaa yao, mwanangu. Kwanza namba zao zinaonekana na kila mmoja humo, na muuzaji mwenzako akiingia kama mteja ameshavuna orodha yako yote. Pili, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Tatu, wakikuripoti wengi WhatsApp inafunga namba, na namba ikifungwa na katalogi imekwenda. Vivyo hivyo zile WhatsApp za kubuni zisizo rasmi, usizitumie kwa biashara.

Tumia brodikasti, ujumbe mmoja unaomfikia kila mtu peke yake bila kuona wenzake; orodha moja inabeba watu 256. Lakini ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana kwenye ile kadi ya shukrani unayolipia, badala ya "asante sana tunakupenda", andika: "Hifadhi namba hii kwa jina Mashuka, mzigo mpya unauona status kabla haujafika Instagram." Hiyo kadi ianze kufanya kazi.

Kaskazini77

Kuhusu wale 16 waliopewa namba wasilipe: uliwapa namba gani? Kama ni namba ya kawaida ya simu, jina lililotokea kabla ya kuthibitisha ni la mtu binafsi, wakati ukurasa unaitwa jina jingine. Hapo mtu anarudi nyuma, na ana haki, utapeli wa mtandaoni ni mwingi. Chukua lipa namba yenye jina la biashara, na jina hilohilo liwe Instagram, WhatsApp na kwenye posti uliyobandika. Herufi kwa herufi.

Kwa Dar ruhusu kulipa mzigo ukifika, ila nauli ya bodaboda itangulie. Mtu aliyekwisha kutoa 5,000 anapokea simu. Asiyetoa hata mia ndiye anayesema "nipo kikaoni" boda ikiwa getini. Mikoani walipe kabla, na uwape uthibitisho: video fupi ya mzigo wao ukifungwa, jina limeandikwa kwa kalamu nene juu ya mfuko.

Upande wako nawe usidanganyike na SMS ya muamala au picha ya skrini. Ujumbe wa kughushi huja kutoka namba ya kawaida ukiwa na maneno yaleyale, hata nukta. Angalia salio kabla mzigo haujaondoka. Kila mara, hata kwa mteja wa zamani.

Msponsaji

Na washa uthibitisho wa hatua mbili kote, Instagram na WhatsApp, leo hii. Kuna meseji zinazunguka DM zikijifanya zimetoka Instagram: "akaunti yako itafungwa kwa kukiuka hakimiliki, bonyeza hapa". Ukibonyeza na kuandika nywila, wafuasi 4,300 ni wa mtu mwingine. Na yeyote anayekupigia akitaka tarakimu sita zilizoingia kwa SMS, hata akijiita mhudumu wa nani, kata simu.

DadaMashuka

Nashukuru sana wakuu. Nimeandika posti ya kwanza, naomba muikosoe kabla sijaiweka:

"Habari zenu wapendwa! Shuka kali za pamba zimeingia. 6x6, bei 38,000. Rangi zote zipo. Dar tunapeleka, mikoani tunatuma. WhatsApp kitufe kipo kwenye wasifu."

Fundi_Posti

Umekaribia. Salamu ipeleke mwisho. "Shuka kali" haisemi kitu, taja idadi. "Rangi zote zipo" ndiyo iliyokupa wale 31, andika zilizopo na ngapi. Jaribu hivi:

"Seti ya 6x6: shuka 2, foronya 4, pamba. 38,000. Zipo: kijivu 5, bluu 3, nyeupe ya maziwa 2. Dar: tanguliza nauli ya boda, mzigo unalipia ukifika. Mikoani: basi, Jumanne na Ijumaa. Agiza WhatsApp, kitufe kipo kwenye wasifu. Karibuni."

Na kama kwenye lebo ya kiwandani pameandikwa pamba na poliesta, andika pamba na poliesta, upige na picha ya lebo. Mteja ataigeuza foronya nje ndani akifika nayo nyumbani.

Kikokotoo

Na baada ya wiki nne rudi na daftari lilelile, marundo matano yaleyale. Tangazo liache kwenye 5,000. Wakinunua 40 badala ya 19 kwa hela hiyohiyo, faida ya 420,000 ukitoa 180,000 inabaki 240,000. Hapo ndipo tutazungumza kuhusu kuongeza.